Naomba ushauri: cherehani ya bibi, viraka vya kanga na namna ya kuandika historia yake

Ndugu wanachama, nimerithi kwa bibi mzaa mama cherehani ya Singer 15K ya kukanyaga, ambayo herufi K katika jina lake inaonyesha kuwa ilitengenezwa katika kiwanda cha Kilbowie, Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980. Ninashonea mablanketi ya viraka vya kanga kuukuu, yenye pamba katikati na merikani upande wa chini.

Katika ushonaji nina swali moja tu: tabaka la juu linasogea mbele kuliko la chini hata baada ya kulegeza skrubu ya mguu unaokandamiza kitambaa, je, nibadili sindano ya namba 90 niweke ya 100 iliyo nene zaidi, au nipige bandi (mshono wa muda wa kushikiza) kwa karibu zaidi?

Linalonisumbua hasa ni historia ya cherehani hii. Orodha za namba za kiwandani huonyesha tarehe namba zilipotengwa, wala si siku cherehani ilipofika Tanga, na wazee wangu wanatofautiana: mama mkubwa anasema ilinunuliwa kwa mkopo, mjomba anasema ilikuwa sehemu ya mahari. Je, niandike kauli zote mbili kwa majina ya wasemaji, au nisubiri ushahidi wa risiti?

Aidha, fundi amependekeza kuipaka rangi upya. Mimi naona maua ya dhahabu yaliyofifia pale mkono wa bibi ulipopita ni sehemu ya kumbukumbu, kwa hiyo nimekuwa nikiyapangusa taratibu kwa mafuta ya cherehani pekee, bila spiriti. Waliowahi kuhifadhi cherehani za zamani, mlifanyaje?