Tunafanyishwa kazi zisizohesabiwa, kisha tunaambiwa hatujachapisha

Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka 9, na wiki iliyopita nilinyimwa kupandishwa cheo kwa sababu machapisho yangu ni machache. Barua haikueleza muda wangu ulikokwenda. Mimi ndiye katibu wa kamati ya mitaala, mimi ndiye mratibu wa mafunzo kwa vitendo, na kila mwanafunzi anayefika idarani akilia huelekezwa mlangoni kwangu, kwa kuwa mkuu wa idara anaamini kwamba mwanamke ana moyo wa kusikiliza. Wanaume wawili walioajiriwa pamoja nami hawakupewa kazi hizo. Leo wao ni wahadhiri waandamizi, nami naambiwa niongeze bidii.

Hoja hiyo ya moyo wa kusikiliza ndiyo inayonichoma zaidi, kwa sababu si ya kweli. Mwaka 2017 watafiti wanne wa kike nchini Marekani walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba katika makundi mchanganyiko wanawake ndio wanaojitolea, wanaoombwa na wanaokubali zaidi kazi zisizompandisha mtu cheo. Lakini kundi lilipokuwa la wanaume pekee, wanaume nao walijitolea sawasawa na wanawake walio katika kundi la wanawake pekee. Kwa hiyo si maumbile yetu. Kila mtu chumbani anasubiri mwanamke akubali, na sisi tunajua kwamba tukikataa tutaitwa wakaidi, jina ambalo halimpati mwanamume anayesema ana makala ya kumaliza.

Mzigo huu unaumiza akili, tena mapema. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, uliowahoji watu 2,279 kutoka nchi 26, wengi wao wanafunzi wa uzamivu, ulikuta dalili za wasiwasi wa kiwango cha kati hadi kikali kwa asilimia 43 ya wanawake na asilimia 34 ya wanaume. Kwa sonona, asilimia 41 na 35. Nimesimamia wasichana waliokuwa wakitetemeka kabla ya kila kikao na msimamizi wao mwenza, na nimewahi kukaa garini nusu saa nisiweze kushuka kuingia darasani. Sikumwambia mtu, kwa sababu mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuhuishwa.

Kuhusu uzazi nitasema kwa ufupi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unataka likizo isiyopungua wiki 14. Mimi niliipata, lakini miezi hiyo ilihesabiwa kama miezi ambayo sikuandika chochote. Wenzangu wanaolipwa kwa muhula hawakupata hata hiyo, maana muhula mpya ulipoanza majina yao hayakuwamo kwenye ratiba.

Jibu la uongozi kwa haya yote limekuwa semina ya kukabiliana na msongo wa mawazo, iliyopangwa Jumamosi, katikati ya usahihishaji wa mitihani. Sihitaji kufundishwa kupumua. Nataka kazi za kamati zigawanywe kwa zamu, saa zake ziandikwe, zipewe alama katika fomu ya kupanda cheo, na likizo ya uzazi iondolewe kwenye hesabu ya miaka. Nimekata rufaa, na nimeambatisha orodha ya vikao vyote 112 nilivyoviandikia kumbukumbu, pamoja na tarehe zake.