Tupeane uzoefu: ulipataje meza kwenye mgahawa ambao kila siku umejaa?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za humu.

Hii mada tunaigusa kwa vipande kwenye nyuzi nyingine, leo tuipe uzi wake. Naongelea ile migahawa ya mjini ambayo ukifungua kalenda yake unakuta tarehe zote zimefifia, simu inaita mpaka inakatika, na kila unayemuuliza anakujibu "pale mpaka umjue mtu". Nimekula kwenye migahawa kadhaa ya namna hiyo bila kumjua mtu yeyote, ndiyo maana jibu hilo silikubali.

Kuna mahali ambapo kweli hakuna ujanja. elBulli ya Hispania, mpaka inafungwa mwaka 2011, ilikuwa na nafasi kama 8,000 tu kwa msimu mzima, na maombi yalitajwa kufika milioni 2. Rao's ya New York, iliyoanza 1896, ina meza chache na karibu zote zina wenyewe: mteja wa kudumu ana jioni yake, na asipokuja humpa nafasi ndugu au rafiki. Hapo hata ukiamka alfajiri, hupati. Lakini mingi tunayoilalamikia haiko hivyo. Meza hufunguliwa kwa watu wote saa maalumu, zinaisha ndani ya dakika chache, watu wanakata tamaa. Kisha zinaanza kurudi moja moja, na wakati huo wengi wameshaondoka.

Mimi nguvu zangu naziweka kwenye kurudi huko. Migahawa mingi siku hizi inachukua namba ya kadi, na ukighairi ikiwa imebaki saa 24 au 48, unakatwa. Soma masharti yao ujue kikomo ni kipi. Kama meza ni ya Ijumaa saa mbili usiku na kikomo ni saa 48, basi kodolea macho Jumatano kuanzia saa kumi na moja jioni. Huo ndio muda ambao mtu aliyekuwa anasitasita anaamua kuachia kabla hajakatwa.

Nilipata meza moja niliyoitamani sana nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa. Navuta ukurasa chini, naachia, kijivu kitupu. Navuta tena, saa mbili na robo imekuwa bluu. Nikabonyeza, ukurasa ukaanza kuhesabu sekunde: jina, namba ya simu, kadi. Kwa kuwa kila kitu nilikuwa nimeshakihifadhi humo mapema, ilibaki kubonyeza "thibitisha". Ningeanza kutafuta pochi, meza ingekwenda.

Karibuni. Ombi langu ni moja: mtu asiseme tu "nilibahatika", atuambie alifanya nini.

Mlango wa Mbele

Mkuu, uzi mzuri. Nilifanya kazi ya kupokea wageni mlangoni, kwenye mgahawa ambao watu walikuwa wanalia kuupata, kwa hiyo acha niwaelezeni ya upande wa ndani.

La kwanza ni lile linalowaumiza watu sana. Unaingia, unaona meza mbili tupu, unaambiwa tumejaa. Unaondoka ukiamini umedharauliwa. Ukweli ni kwamba kinachojaa mara nyingi ni jiko, si viti. Jiko lina kikomo cha watu wangapi waketishwe kila robo saa. Ukiwaruhusu wote waketi kwa mpigo, oda zinarundikana, na anayeumia ni yule aliyeweka nafasi zamani. Kwa hiyo meza inaweza kukaa tupu nusu saa kwa makusudi.

La pili, ukubwa wa kundi. Ukumbi mwingi umepangwa kwa meza za wawili na za wanne. Watano ni shida, maana lazima tuunganishe meza, na kiti kimoja kinabaki hakina mtu. Kama mko watano na mnaweza kuwa wanne, mtapata haraka zaidi.

La tatu, saa ya kupiga simu. Usipige saa moja usiku, tunakuwa tumezama. Piga kati ya mchana na jioni, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na nusu hivi. Muda huo tulikuwa tunakaa na orodha ya usiku, tunawapigia wageni kuthibitisha, na hapo ndipo unasikia "samahani, mtoto anaumwa, hatuji". Mtu aliyepiga dakika hiyo hiyo, kwa adabu, nilimwandika pale pale juu ya jina lililokatwa.

Na sentensi moja iliyokuwa inanifurahisha kuliko noti yoyote: "Tunaweza kuketi saa kumi na mbili, na saa mbili kasorobo tutakuwa tumewaachia meza." Mgeni anayesema hivyo ananipa suluhisho. Nina meza ina mtu wa saa mbili, iko tupu kabla yake, na siwezi kuiuza kwa mtu wa kukaa usiku kucha. Huyu anaenea vizuri kabisa. Ila ukisema saa mbili kasorobo, uinuke kweli saa mbili kasorobo.

Kuhusu kuminyiana noti mkononi, nilipofanya kazi mimi ilikuwa kosa la kufukuzwa. Sijui mlifundishwa na nani kwamba ndiyo njia. Acheni.

Kiti Kimoja

Mimi huenda peke yangu, kaunta. Nafika mgahawa ukifunguliwa, nauliza kama kuna kiti. Migahawa mingi haiweki kaunta kwenye kalenda kabisa, ni ya anayewahi. Na ukiwa kaunta unamwona mpishi anavyofanya kazi, jambo ambalo wa meza ya dirishani halioni. Nawashangaa wanaoogopa kula peke yao.

Msafiri wa Kesho

Nakazia, halafu niongeze la mgahawa ulio nchi nyingine.

"Tunafungua saa nne asubuhi" maana yake saa nne ya kwao. Inaonekana ni jambo dogo, lakini nchi nyingi za Ulaya na sehemu kubwa ya Marekani hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, tena hawabadilishi siku moja. Kwa hiyo ile tofauti uliyoizoea inaweza kuhama saa nzima katikati ya mipango yako. Mimi hutafuta saa ya mji husika siku ile ile ya kuweka nafasi, wala siitegemei kumbukumbu.

Tokyo ni somo lake. Sukiyabashi Jiro, mgahawa wa sushi wenye viti kama 10 tu, iliondolewa kwenye mwongozo wa Michelin, ule unaoipa migahawa nyota, mwaka 2019, na sababu haikuwa kushuka kwa ubora: mtu wa kawaida hakuweza kuweka nafasi, ilibidi umfahamu mwenyeji au upitie hoteli kubwa. Mimi sikwenda hapo, nilikwenda mahali padogo zaidi, ila mlango ulikuwa ule ule. Niliwaandikia dawati la wageni la hoteli niliyopanga kulala, wiki kadhaa kabla ya safari, nikawapa tarehe tatu badala ya moja, nikawaambia tuko wawili, tutachukua saa yoyote, na vyakula visivyotupatana ni hivi. Wao ndio waliopiga simu.

Nilipomuuliza yule dada wa hoteli kwa nini nisingepiga mwenyewe, alinieleza vizuri sana. Mwenye mgahawa wa viti vichache akikosa wageni wawili, jioni yake imeharibika, na bidhaa alinunua asubuhi kwa idadi kamili. Anataka mtu wa kumuuliza. Hoteli inasimama kama mdhamini wako. Tangu hapo nikikuta mgahawa una masharti magumu sinuni, najua wanajikinga na nini.

Bila Ngazi

Samahani wakuu, nauliza na kusimulia kwa pamoja. Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Kwenye programu za simu unakuta sehemu ya kuchagua saa na idadi, ya kuuliza kama kuna ngazi hakuna. Kwa hiyo mimi huandika barua pepe kwanza. Mgahawa mmoja ambao kalenda yake ilionyesha umejaa mwezi mzima walinijibu siku ya pili: kuna meza ya chini karibu na mlango ambayo hawaiweki mtandaoni, wanaitunza kwa ajili ya wageni wa aina yetu mpaka karibu na siku yenyewe. Tulikwenda, mama akala kwa raha zake, hakuna aliyemsukuma huku na kule.

Swali langu: ni kawaida kuwa na meza zisizoonekana mtandaoni, au tulikutana na watu wema tu?

Mlango wa Mbele

Dada, ni kawaida. Kila jioni tulikuwa na meza mbili tatu tumezishika: wateja wa kudumu, hoteli, na dharura kama makosa yetu wenyewe ya kuandika mara mbili. Zisipohitajika tunaziachia siku hiyo hiyo mchana. Na wewe ulifanya sahihi kueleza hitaji kamili. "Tunaomba meza" inajibiwa na mashine, lakini "mama yangu yuko kwenye kiti cha magurudumu, tuko watatu, Jumanne au Jumatano" inasomwa na mtu. Mpe mama salamu zetu.

Pinga Ulanguzi

Naomba niliseme hili kwa uchungu. Kuna watu wanatumia programu za kujiendesha kuzoa meza sekunde ile zinapofunguliwa, halafu wanaziuza. Dada yangu aliuziwa meza ya siku yake ya kuzaliwa. Kufika mlangoni anatakiwa ataje jina la mtu asiyemjua, na lile jina lilikuwa limeshaketi ndani: meza ile ile iliuzwa kwa watu wawili. Mhudumu aliona aibu kuliko dada yangu, wala halikuwa kosa lake.

Jimbo la New York liliamua kulikabili kwa sheria, ikasainiwa Desemba 2024 na kuanza kutumika mwaka uliofuata: tovuti ya mtu wa tatu hairuhusiwi kutangaza au kuuza meza bila mkataba na mgahawa wenyewe, na faini inaweza kufika dola 1,000. Mimi naiunga mkono mia kwa mia. Mlanguzi akishindwa kuuza, anaghairi dakika ya mwisho au anaacha meza ikae tupu, na mgahawa unabeba hasara ya mtu ambaye hakuwahi hata kutaka kula.

Msinunue. Ile orodha ya kusubiri ndani ya programu ni bure, ukiiwasha inakuletea taarifa meza ikirudi.

Tiketi Mkononi

Kwangu dawa ya yote hayo ni kulipa kabla. Mgahawa wa Next wa Chicago ulipoanza mwaka 2011 uliuza jioni zake kama tiketi za tamthilia, na waliokuwa nyuma yake wakaja kuanzisha Tock, mfumo wa kuweka nafasi kwa kulipa kabla, mwaka 2014 ili migahawa mingine ifanye hivyo. Ukishalipa, huwezi tu kusahau kutokea. Mimi nimezoea na napenda: naingia, nakula, naondoka bila kuitisha bili. Na nikipata udhuru namwachia rafiki tiketi, kama mgahawa unaruhusu kubadilisha jina.

Zamu ya Usiku

Ndugu yangu Tiketi, hapo tunaachana. Mimi ni muuguzi. Ratiba yangu inabadilika nikiwa tayari nimevaa. Kulipa mwezi mzima kabla ni starehe ya mtu mwenye jioni zake mkononi. Na bado kuna wenye kadi maalumu: Resy, programu ya kuweka nafasi migahawani, ilinunuliwa na American Express, kampuni ya kadi za malipo, mwaka 2019, Tock nayo 2024, na wenye baadhi ya kadi zao hutengewa meza ambazo mimi na wewe hatuzioni. Sisemi ni wizi, ila tusijifanye kwamba foleni ni moja.

Ninachofanya mimi ni siku ile ile. Nikitoka zamu naangalia hali ya hewa. Mvua kubwa ni rafiki yangu, watu wanaghairi na wanaofika mlangoni wanapungua. Nakwenda robo saa kabla mlango haujafunguliwa, nasimama wa kwanza, nataja jina na idadi, naacha namba ya simu. Kisha sizidi mwendo wa dakika tano kutoka hapo. Hili la mwisho ndilo watu hawalifanyi. Wanaandikisha jina wanakwenda mbali, wanapigiwa simu, wanasema "nipe dakika ishirini". Meza haisubiri dakika ishirini, anaitwa anayefuata, na anayefuata huwa ni mimi.

Mchana pia msiudharau. Jiko lile lile, mara nyingi na wapishi wale wale, na ushindani nusu ya ule wa usiku.

Tiketi Mkononi

Umeeleza vizuri, dada. La ratiba sikulifikiria, nimekuelewa. Nikikwama tena na tiketi nitauliza humu kama kuna mwenye zamu iliyomruhusu.

Mwanzisha uzi

Asanteni sana, ndiyo maana niliufungua. Mlango wa Mbele, kabla hujatoka: nikiwa nimeweka meza mbili sehemu tofauti usiku mmoja ili nichague baadaye, mnajua?

Mlango wa Mbele

Zikiwa kwenye programu moja, nyingi zinakataa zenyewe kama saa zinakaribiana. Zikiwa programu tofauti hatujui, lakini tunaiona pale meza inapokaa na glasi zake zimegeuzwa juu chini na nje kuna watu wanatetemeka kwa baridi. Ukishachagua, ghairi ile nyingine saa hiyo hiyo. Usisubiri kikomo cha saa 24, maana kuna mtu kama wewe amesimama kwenye foleni ya dawa anavuta ukurasa.