Sicut cervus ya Palestrina: sauti zikiungana zinavurugika, naombeni ushauri

Mwalimu_Kwaya
Tumsifu Yesu Kristo. Wakuu, kwaya yetu ina waimbaji 16, tunaandaa Sicut cervus, wimbo wa Kilatini wa sauti nne wa Palestrina (mtunzi Mwitalia wa karne ya 16), kwa Mkesha wa Pasaka. Kila sauti ikiwa peke yake iko sawa. Zikiungana, waimbaji wa tena (sauti ya juu ya kiume) wanaanza vizuri, alto wanafuata, soprano wakiingia kila mtu anapaza, na besi wakifika hakuna neno linalosikika. Kinanda kikinyamaza tunashuka karibu nusu toni. Tufanyeje?

Tena_Mkongwe
Milele amina. Mnauimba kama tenzi, ambako sauti zote hutamka neno kwa pamoja. Enzi za Palestrina kila sauti ilikuwa na kitabu chake, bila mistari ya kugawa vipimo. Hiyo mnayoiona iliwekwa na wahariri baadaye. Mkikazia pigo la kwanza la kila kipimo mnayakatakata maneno. Mkazo ufuate silabi: SI-cut CER-vus de-SI-de-rat ad FON-tes a-QUA-rum. Someni maneno kwanza kwa mapigo, bila tuni, kila sauti ikiingia kwa zamu yake.

Kisha penseli. Wimbo una viini vitatu, yaani vipande vya tuni ambavyo sauti huigana kwa zamu: "Sicut cervus", "ita desiderat", "anima mea". Kila mwimbaji aweke alama pale kiini kinapoanza kwenye sauti yake. Anayekianza ndiye asikike. Akishafika "aquarum" apunguze, ampishe anayeingia. Soprano ndio huwa wagumu hapa, kwa sababu wamezoea kubeba tuni. Humu tuni ni ya wote.

Solfa_Daima
Kushuka: sikilizeni hatua za kupanda. Re kwenda mi huimbwa fupi, na mkiteremka hatua zinakuwa ndefu mno, basi mwisho wa ukurasa mmepotea. Besi washikilie do, wengine waimbe sehemu zao polepole kwa "nu". Kinanda kitoe noti ya kuanzia tu. Na pumzi msivute wote pamoja. Jirani akivuta, wewe endelea.

Mwalimu_Kwaya
Asanteni sana. Waimbaji wa tena wanalalamika kwamba iko juu. Naruhusiwa kushusha?

Solfa_Daima
Ruksa, zama hizo noti kama F haikuwa na kimo kimoja kila mahali. Ila jaribu pia kupandisha nusu toni. Mara nyingi kwaya inayoshuka hutulia ikihamishwa hivyo. Fanyeni mazoezi kwa jozi: tena na alto, halafu soprano na besi, ndipo wote.

Alto_wa_Pili
Matamshi jamani: ni "sikut chervus", "akwarum". Tusiongeze irabu mwishoni, "sikuti" inaharibu pigo. Konsonanti ya mwisho mwongozaji aionyeshe kwa mkono, la sivyo "s" ya "Deus" itatoka mara kumi na sita. Na hakikisha nakala zote ni za chapa moja; za bure mtandaoni nyingine zimehamishwa ufunguo.