Tupeane uzoefu: ni jambo gani la mama au bibi yako mcha Mungu ambalo halikusomwa kwenye wasifu wake?

Mjukuu wa Machame: Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Mwishoni mwa Septemba tulimzika bibi yetu kihambani kwake, yaani katika shamba la migomba la nyumbani, na kama ilivyo desturi ulisomwa wasifu wa marehemu: mwaka wa kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, ndoa, utumishi wake katika Umoja wa Wanawake wa usharika, watoto 7, wajukuu 23, kisha historia ya ugonjwa. Kila neno lilikuwa la kweli, lakini bibi aliyekuwa akituamsha saa kumi na moja alfajiri kwa maombi ya sauti ya chini, akipita nyumba moja baada ya nyingine na kumtaja kila mmoja wetu kwa jina la ubatizo, sikumsikia humo.

Siku chache baada ya maziko, mashangazi walifungua sanduku lake la bati. Chini ya vitenge walikuta bahasha za ahadi, zile za kutolea sadaka zenye namba ya msharika, zimefungwa pamoja kwa uzi mweusi wa kushonea. Zilikuwa 14, yaani Jumapili 13 za Oktoba hadi Desemba, na moja ya Krismasi. Zote alikuwa amekwisha kuzibandika, na juu ya kila moja ameandika kiasi kwa kalamu ya risasi: 1,000, 1,000, 1,000. Alipolipwa fedha za kahawa mwezi Agosti alitenga kwanza sehemu ya Bwana hadi mwisho wa mwaka, wakati nyumbani kwake hata sukari ilikuwa imekwisha. Tumebaki tukizitazama bila kujua la kufanya. Naomba nanyi mtueleze ya mama na bibi zenu.

Mwana wa Bukoba: Pole sana, ndugu yetu. Bibi yangu alikuwa mtu wa uamsho, ule mwamko wa kiroho wa Wakristo ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kuenea Uganda na huku kwetu Kagera katika miaka ya 1930. Watu wa uamsho hawakuridhika na kutubu kwa mdomo. Aliyechukua cha mtu alipaswa kukirudisha. Bibi aliwahi kubaki na jembe la jirani, na jirani mwenyewe alikuwa amekwisha kulisahau. Baada ya kuokoka alilibeba mchana kweupe, akipita katikati ya migomba ya watu, akaeleza mbele ya wote waliokuwepo kwamba alilificha kwa makusudi. Mama yangu, aliyekuwa mtoto mdogo mgongoni, alikua akisimuliwa kwamba jirani yule alilia kuliko bibi. Jembe lilikuwa limelika hadi limebaki nusu, kwa hiyo bibi aliongeza na debe la maharage.

Mkazi wa Kisauni: Nyanya yangu alizaliwa Frere Town, Mombasa, katika ukoo wa watumwa walioachwa huru na kupewa makazi na wamisionari wa Kianglikana kuanzia mwaka 1875. Kengele yao ya zamani ndiyo iliyolipa eneo la Kengeleni jina lake. Alikuwa Mkristo asiyekosa ibada, na majirani zake wengi walikuwa Waislamu. Mwezi wa Ramadhani sahani za futari zilikuwa zikiingia kwake kila jioni, naye hakuwahi kurudisha sahani tupu. Krismasi ilipokaribia hakukubali kuku wachinjwe na yeyote wa nyumbani. Alimwita mzee wa jirani aje kuchinja kwa kisu chake mwenyewe, ili pilau ile iweze kuliwa na mtaa mzima bila mtu kuwa na wasiwasi. Tulipomuuliza kwa nini anahangaika hivyo, alijibu kwamba ukimwalika mtu kwenye chakula asichoweza kula, hujamwalika. Siku ya mazishi, wanawake wa mtaa waliokuwa wakila pilau hiyo ndio waliosonga ugali na kuchota maji tangu alfajiri.

Kitinda mimba: Tumsifu Yesu Kristo. Nitasema jambo ambalo kwangu si jepesi. Mama alikuwa katika WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki kilichoanzishwa mwaka 1972, na Jumamosi asubuhi hakukosa sala za jumuiya hata alipokuwa anaumwa miguu. Nilipoanza kuishi na mwenzangu kabla ya ndoa ya kanisani, mama aliacha kula nyumbani kwangu kwa miaka minne. Alikuja, akakaa, akambeba mtoto, lakini hata maji hakunywa. Iliniumiza, na sitaki kujifanya kwamba haikuniumiza. Hata hivyo, kila mwezi alituma kwa basi kiroba cha mchele na karanga, na juu yake jina la mke wangu, si langu. Siku tuliyofunga ndoa alitangulia jikoni, akajipakulia sahani ya kwanza mwenyewe, akala hadi akamaliza huku machozi yanamtoka. Wasifu ulisema alikuwa "mlezi mwema", na katika neno hilo mimi nilisikia kiroba kile.

Binti wa Masasi: Bibi yangu hakujua kusoma, lakini alikuwa na Biblia, na ukimwomba Zaburi ya 23 aliifungua mwenyewe bila kukosea, kwa sababu ukurasa ule ulikuwa na doa la mafuta ya taa alilolijua kwa kidole. Kisha alikupa wewe umsomee.

Mjukuu wa Machame: Asanteni sana. Nimewasomea mashangazi maneno yenu yote, na ya jembe lile tumeyarudia mara mbili. Kuhusu bahasha, familia imekubaliana kwamba sadaka iliyokwisha kutolewa hairudi sandukuni, kwa hiyo kila Jumapili mjukuu mmoja anapeleka bahasha ya tarehe hiyo, kwa namba yake ileile, na mzee wa kanisa anaiandika kwenye daftari kama kawaida. Mimi nimepangiwa ya Krismasi. Nilipoitoa kwenye uzi niliona kwamba hii haikuandikwa 1,000 kama nyingine. Imeandikwa 5,000, na chini yake, kwa kalamu ileile ya risasi, "pamoja na ya watoto walio mbali."