Mjadala: mhusika akiwa mzee tu, aongezewe akili bure?

Wadau naomba tulijadili hili manake limetugawa mezani. Tunacheza Dungeons & Dragons (geimu ya mezani ya kuigiza wahusika na kurusha dadu) toleo la 5, ambalo tangu lilivyotoka 2014 umri haugusi pointi za uwezo wa mhusika kabisa, ila anayetuongozea geimu karudisha jedwali la umri la toleo la zamani, 3.5, kama sheria yetu ya nyumbani. Kwenye lile jedwali binadamu akifika 35 anakatwa pointi moja moja kwenye Nguvu, Wepesi na Stamina, 53 anakatwa mbili zingine, 70 tatu tena, halafu kila hatua anaongezewa moja Akili, Busara na Mvuto.

Sasa jamaa mmoja kaja na mchawi wa miaka 70, levo ya kwanza yaani ngazi ya kuanzia, Akili 15 ikawa 18 hata hatujaanza kucheza. Mimi mpiganaji wangu wa miaka 28, tumefika levo ya 5, mzuka ukamwonyesha sura yake inayozeesha, nikarusha dadu ya kujiokoa vibaya sana, dadu ya pande nne ya kuhesabu miaka kumi kumi ikatoka 3, kaongezeka miaka 30 papo hapo! Nguvu 16 ikashuka 13, Stamina 14 ikawa 11, pointi 10 za uhai zikaenda, na uganga wa kumrudisha ndani ya saa 24 ni wa levo ambayo mganga wetu hajaifikia. Nilifuta karatasi kwa raba mpaka ikatoboka.

Wanaotetea wananiambia kuishi kwingi kuona mengi, na kwamba mchawi naye kalipa, Stamina yake imebaki 6. Sawa, kalipa, ila kachagua mwenyewe na anakaa nyuma yetu sisi tunaopigwa. Na hayo mengi aliyoyaona yako wapi kama alianza levo ya kwanza? Levo ndiyo uzoefu wenyewe jamani, ukimpa na pointi za umri umemlipa mara mbili kwa kitu ambacho hajakifanya mezani.

Angalieni geimu nyingine ya aina hii, Pendragon ya 1985, ya mashujaa wa Mfalme Arthur, kuanzia miaka 35 kila majira ya baridi unarusha dadu kuona uzee umekula nini, na hakuna bonasi ya akili. Uzee pale unaumiza kwa sababu huyo mtu umemcheza tangu kijana, unajua alipigana wapi.

Kwa hiyo mimi nasema miaka ya kabla ya geimu isiguse pointi hata moja, inayopita tukiwa tunacheza ndiyo irushiwe dadu, na Akili ipande kwa levo tu. Anayepinga anijibu hapo hapo kwenye levo.