Tumechoka kuambiwa "kompaili mwenyewe": bodi sita, mikesha mitatu, na watoto wakangoja bure Kisumu

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kwa asiyejua, kukompaili ni kuyageuza maandishi ya programu (sosi) kuwa faili inayoweza kuwaka kwenye kompyuta. Mimi ni mwalimu, na kila Jumamosi naendesha klabu ya kompyuta kwenye ukumbi wa kanisa hapa Nyalenda. Tulichanga kwa miezi mitano. Wazazi walitoa, na wengi wao ni wauza samaki na waendesha boda, mnajua pesa hiyo inavyopatikana. Tukanunua bodi sita za Raspberry Pi 4, zile kompyuta ndogo za bodi moja, zenye RAM ya gigabaiti 2. Aliyetuuzia alituapia kwamba injini ya gemu ya Godot, programu ya kutengenezea na kuchezeshea gemu, ameshaiweka, na kwamba tukichomeka tu kwenye televisheni gemu za watoto zitachezeka siku hiyohiyo. Alitudanganya.

Acha niieleze gemu yenyewe, maana ndiyo inayoniuma. Msichana wa Gredi ya 8 aliitengeneza kwenye laptopu yangu kwa wiki saba. Ni usiku ziwani, upande wa Dunga. Una mtumbwi na taa moja. Ukiiacha taa ielee, omena wanakusanyika kwenye mwanga kidogokidogo, lakini magugu maji nayo yanasukumwa na upepo, na ukichelewa kuvuta wavu yanakuzingira. Mbalamwezi ikiwaka sana taa haivuti kitu, na hilo pia ameliweka. Babake anavua hivyohivyo. Alitaka babake aje aicheze kwenye skrini kubwa, mbele ya watu.

Babake alikuja. Akakaa kiti cha mbele na kofia mkononi. Mimi nikaandika amri ya kuwasha, terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ikajibu: No such file or directory. Faili haipo. Nikaandika ls, amri ya kuorodhesha faili, na faili ipo pale pale, naiona kwa macho. Nikairudia mara kumi mbele ya watu arobaini. Yule mzee alingoja mpaka saa saba mchana, akainuka polepole akaenda zake kuandaa nyavu.

Nimekuja kujua baadaye kosa lilikuwa nini, na naliandika hapa ili lisimpate mwingine. Mfumo aliotuwekea muuzaji ulikuwa wa biti 32, ila kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, ni ya biti 64. Ukiuliza uname -m inakujibu aarch64, yaani biti 64, unaona mambo shwari. Uliza getconf LONG_BIT, inakujibu 32. Injini aliyoiweka ni ya arm64, yaani ya prosesa za ARM za biti 64, na ikitaka kuwaka inatafuta kipakiaji chake cha biti 64, kile kifaili kinachoipandisha programu kwenye RAM, ambacho hakimo kwenye mfumo ule. Kinachokosekana ni hicho kipakiaji, lakini ujumbe unakuja kana kwamba programu yenyewe ndiyo haipo. Mtu anayeuza bodi kwa shule na klabu hakuijaribu hata mara moja kabla ya kufunga boksi! Angeiwasha mara moja tu angeliona.

Basi nikafuta kadi zote sita, nikaweka mfumo wa biti 64, wa Debian 12. Bando langu, muda wangu. Nikawasha tena. Safari hii: GLIBC_2.38 not found. glibc ni maktaba ya msingi ambayo programu za Linux huitegemea, na Debian 12 ina glibc 2.36. Jamaa alikompaili injini kwenye laptopu yake yenye Ubuntu 24.04, ambayo ina 2.39, akatuletea. Programu iliyokompailiwa kwenye mfumo mpya inadai maktaba mpya, na mfumo wa zamani hauwezi kuipa. Ndiyo maana watengenezaji wa Godot wenyewe hujengea matoleo rasmi kwenye mazingira yenye glibc ya zamani makusudi, ili yakubalike kila mahali. Hili si siri. Limeandikwa kwenye maelezo yao.

Nikampigia. Nikamwambia kaka, injini uliyotuwekea haiwaki. Akanijibu, "Mwalimu, si ukompaili tu mwenyewe? Ni saa moja hivi." Akanitumia mwongozo aliouokota mahali, hauna tarehe, wala hausemi ni wa bodi gani yenye RAM kiasi gani.

Mkesha wa kwanza. Mwongozo unasema niite SCons, programu inayosimamia ujenzi: scons platform=linuxbsd target=editor lto=full -j4. Nikafanya hivyohivyo. Ile asilimia pembeni ikaanza kupanda, nikaona kumbe inawezekana. Haikufika hata 40, ikaandika Killed signal terminated program cc1plus. Hiyo -j4 maana yake kompaila nne zinafanya kazi kwa mpigo, kila moja inakula mamia ya megabaiti, RAM ni gigabaiti 2, swapu, ile sehemu ya kadi inayosaidia RAM ikijaa, ni megabaiti 100. Mfumo ukaona unazama, ukaiua kompaila. Nikashusha hadi -j2, nikaongeza swapu hadi megabaiti 2048 kwenye faili ya dphys-swapfile, nikaanza upya. Alfajiri ikafika kwenye kuunganisha, hatua ya mwisho kabisa, ikauawa tena. Hiyo lto=full, yaani kuiboresha programu nzima kwa mpigo, ndiyo inayomeza gigabaiti kwa gigabaiti wakati wa kuunganisha. Nani anamwandikia mtu wa bodi ndogo lto=full? Ni mtu ambaye hajawahi kukaa mbele ya bodi hiyo.

Na kwenye pembe ya juu ya skrini kulikuwa na alama ndogo ya njano ya radi, inatokea, inapotea. Nilidhani ni pambo. Nikaandika vcgencmd get_throttled, ikajibu 0x50005. Maana yake volti zimeshuka sasa hivi na zilishuka pia awali, kwa hiyo prosesa imepunguziwa mwendo. Nikageuza chaja tulizouziwa pamoja na bodi, nikawasha tochi ya simu kusoma maandishi yale madogo: 5V 2A. Raspberry Pi 4 inahitaji 5V 3A. Tumelipia chaja sita, na zote sita hazifai. Kwa hiyo hata ule usiku nilioupoteza ulikuwa unakwenda mwendo wa kobe kwa sababu ya mtu huyohuyo.

Mkesha wa pili sina mengi. Stima ilipotea saa nane usiku, ikarudi saa kumi. Nilitegemea kazi itaendelea ilipoachia. Wapi! SCons huandika kumbukumbu ya vilivyokwisha kujengwa inapomaliza au inapositishwa vizuri. Stima ikikatika ghafla kumbukumbu haiandikwi, na ukiiwasha inajenga kila kitu upya kutoka faili ya kwanza. Kama unaishi mahali stima inapokatika, na tunaishi huko, weka SCONS_CACHE ielekee kwenye folda yenye nafasi kabla hujaanza. Hapo vilivyokwisha vinachukuliwa kwenye folda hiyo. Mwongozo wangu haukuwa na neno hata moja juu ya hilo. Aliyeuandika stima yake haipotei.

Mkesha wa tatu nilifanya hivi: nikaazima chaja ya 3A kwa rafiki, nikaelekeza feni ya mezani kwenye bodi kwa sababu Pi 4 ikifika nyuzi 80 inajipunguzia mwendo yenyewe, nikatoa lto, nikabakisha -j2, nikaweka SCONS_CACHE. Halafu nikaacha kujenga editor, ile sehemu ya kutengenezea gemu. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho kila mwongozo ungepaswa kuanza nacho: mtoto akishamaliza gemu kwenye laptopu, bodi haihitaji editor kabisa. Inahitaji tempuleti ya kuchezesha tu, target=template_release, ambayo ni ndogo zaidi. Usiku mbili nilikuwa najenga nyumba nzima wakati nahitaji mlango. Masaa saba na dakika kumi. Ikakubali. Sikulala, nikaenda darasani hivyohivyo kufundisha hisabati.

Sasa sikilizeni kilichonifanya nifungue uzi huu. Jumamosi iliyofuata akaja kijana anayesoma Maseno, huwa anatusaidia. Nikamsimulia. Akaniuliza kwa upole tu, "Mwalimu, mbona hukutumia tempuleti rasmi?" Tangu Godot 4.2, iliyotoka Novemba 2023, kuna tempuleti rasmi za Linux za arm64. Akaishika laptopu yangu, akafungua folda ya tempuleti ambazo nilikuwa nimeshapakua kwa bando langu, furushi la karibu gigabaiti moja. Ikawa imo. linux_release.arm64. Imekaa hapo muda wote. Kwenye dirisha la kuekspoti ningechagua tu arm64 badala ya x86_64 ya laptopu za kawaida, nikabonyeza, basi. Dakika mbili. Baba wa yule msichana alikaa pale na kofia yake mkononi, na kitu alichokuja kukiona kilikuwa kwenye begi langu.

Sipingi kukompaili kutoka sosi. Injini ile ilifunguliwa sosi mwaka 2014 kwa leseni ya MIT, yeyote aichukue aibadilishe, na hilo ni jambo kubwa kwa watoto wetu. Kama umeongeza moduli yako ya C++, au unataka kuondoa sehemu ya 3D ili faili iwe nyepesi, jenga, nitakuletea chai. Sisi hatukuwa na sababu yoyote kati ya hizo. Tuliambiwa tujenge kwa sababu aliyetuambia alikuwa anajivua lawama, na wanaomjibu kila mwenye shida "kompaili mwenyewe" wanafanya vilevile. Kabla hujamtupia mtu neno hilo, muulize kwanza kama anahitaji kujenga. Akihitaji, mwambie RAM kiasi gani, swapu kiasi gani, masaa mangapi, na mfumo gani. Huwezi, nyamaza, atauliza mwingine.

Na kuna watu hadi leo wanauza Raspberry Pi 3 wakisema inachezesha gemu za Godot 4. Pi 3 inaishia OpenGL ES 2.0, yaani toleo la zamani la njia ya kuchora picha kwenye skrini. Godot 4, hata kwa ile njia nyepesi ya Compatibility, inataka ES 3.0. Kwenye bodi hiyo ni Godot 3 au hakuna. Msinunue.

Muuzaji wetu nimemwandikia mara tatu anibadilishie chaja. Anasoma, hajibu. Gemu ya omena sasa inawaka kwenye bodi zote sita, lakini chaja ya 3A ni moja, ile ya kuazima, kwa hiyo watoto wanacheza kwa zamu na wengine wanakaa kutazama. Aliye Kisumu na anajua duka lenye chaja za 5V 3A za kweli, siyo zilizobandikwa karatasi, aandike hapa chini kabla ya Ijumaa. Jumamosi tunaanza saa tatu asubuhi, na safari hii yule mzee nimemwambia aje saa nne, nikishaiwasha mwenyewe na kuiona ikikimbia.