Eti "ombe ni mnyama gani?"

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule yule wa miwani ya kwenye kamba.

Siku tatu sijalala, naandika programu ya kuhesabu maneno ili wafasiri walipwe sawasawa. Mwanzo nilikata penye nafasi, "nyumba" na "nyumba," yakahesabiwa maneno mawili tofauti. Nikaboresha: okota herufi tu, alama zote tupa. Safi! Leo jedwali liko ukutani, watu wanaona "na", "ya", "wa", wanatikisa vichwa. Yeye akateremka mpaka chini kabisa kama anasaka kunguni. ng 14, ombe 14. Akavua miwani.

"Kijana, ombe ni mnyama gani?"

OMBE NI MNYAMA GANI! Walicheka mpaka mlinzi akaacha geti. Mama wa chai kamwaga birika zima. Ng'ombe kakatwa vipande viwili kwa kialama kimoja tu cha juu, wakuu! Mtu anayehesabu kwa kidole na kulamba kidole, ndiye wa kuniuliza ombe ni mnyama gani?

KijikoChaPilau: Pole mkuu. Ila kweli, anakula majani?

Mzee_wa_Supu: Kilo ya ombe shilingi ngapi? Ng sili, ina mifupa.

FundiMsimbo: Si uongeze ' kwenye zile herufi za kuokota, basi.

Mleta uzi: Nimeongeza palepale! Kumbe mafaili ya Word yana ’ iliyopinda, ya kwangu imenyooka. Ombe karudi. Mbele yake!

FundiMsimbo: 😂😂 Nyoosha zote kwanza ndipo uhesabu. Jiandae na 'nukuu' za alama moja moja, nazo zitang'ang'ania neno kama herufi.

DadaTafsiri: Afadhali wewe umechekwa bure. Mie nalipwa kwa neno la Kiswahili. "Hatutawasahau" neno moja, Kiingereza chake matano. Hayo manne kala nani?

KijikoChaPilau: Dai kwa maneno ya matini asilia.

DadaTafsiri: Nilidai. Kwa huyo huyo wa miwani.

Mzee_wa_Supu: Nyie mna bahati. Mimi nililipwa kwa ukurasa, wakapunguza fonti ikawa 8. Kurasa 40 zikawa 22.

DadaTafsiri: Weeee! Na pambizo je?

Mzee_wa_Supu: Pambizo? Maandishi yaligusa ukingo wa karatasi, dada.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. OMBE.

KijikoChaPilau: Subiri kidogo mkuu, tuko kwenye fonti.